Selimundu na tiba ya kuhariri jeni

Dada wa Uyole, umeuliza kama hiyo tiba ya kuhariri jeni inaweza kumponya mwanao wa miaka sita mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Pole sana kwa kukesha naye.

Tiba ipo kweli. Inaitwa Casgevy, Uingereza na Marekani ziliiidhinisha mwishoni mwa 2023, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Madaktari hawagusi kila seli ya mwili. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, maabara wanakata kipande cha jeni kinachozima hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya utotoni, ile mtoto anayokuwa nayo tumboni. Ikiwaka tena, chembe nyekundu za damu hazijipindi kuwa na umbo la mundu. Ila kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali kama za saratani kusafisha uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na hizo zinaweza kuharibu uzazi. Bei Marekani ni dola milioni 2.2. Inauma kuiandika.

Kwa hiyo usiuze shamba kwa yeyote anayekuahidi sindano ya jeni hapa Mbeya. Kupandikiza uloto wa ndugu ambaye vipimo vinaonyesha tishu zake zinalingana na za mtoto kunafanyika Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, kaulizie huko. Kwa sasa muulize daktari wake kuhusu dawa ya haidroksiyurea, maana hupunguza sana maumivu. Na baridi ya Juni hii: soksi, sweta, maji ya kutosha. Akipata homa, usisubiri kupambazuke, mpeleke hospitali usiku huohuo.