Kuchora Saketi ya Maikrofoni Ndogo ya Kondensa Kutoka Kwenye Bodi Yake

Ukifungua maikrofoni ndogo ya kondensa ukakuta bodi isiyo na mchoro, usianze kufukuzana na njia za shaba. Jiulize kwanza saketi hii inalazimika kufanya nini. Umeme wa fantomu, yaani ule ambao miksa huupeleka kwenye maikrofoni kupitia kebo ileile ya sauti, volti 48, unaingilia pini ya 2 na ya 3 za plagi ya XLR, kila moja kupitia rezista ya kiloomu 6.8 iliyoko ndani ya miksa. Pini ya 1 ni ardhi. Upande wa pili ipo kapsuli, kile kipande kinachonasa sauti, na sauti yake ni dhaifu kiasi kwamba haipokeleki ila na FET, transista isiyovuta karibu umeme wowote kutoka kwenye kinachoilisha. Katikati, mara nyingi, zimekaa transista mbili za PNP (aina mojawapo ya transista zenye miguu mitatu: emita, besi na kolekta) ambazo emita zake zinakwenda pini 2 na 3. Yote haya mimi huyachora kwa penseli kabla ya kushika mita. Ikifika zamu ya mita, kazi yake ni kunikosoa.

Piga picha pande zote mbili za bodi. Ya nyuma igeuze kama kwenye kioo, kisha ilaze juu ya ya mbele mpaka matundu yalingane. Hapo njia nyingi zinajionyesha zenyewe.

Namba za rezista ndogo husomeka kirahisi: 103 ni kiloomu 10, 682 ni kiloomu 6.8. Mita ikisoma chini ya hapo wakati rezista bado imelehemiwa, iamini namba, maana umeme unapata njia nyingine ya pembeni. Maandishi ya transista ndiyo yenye ujanja. 2A mara nyingi ni MMBT3906, transista ya PNP, lakini watengenezaji huazimana alama, kwa hiyo pima kama diodi: kutoka emita hadi besi ya PNP utapata kama volti 0.6 au 0.7.

Sehemu ya kuheshimu ni geti ya FET, yaani mguu wake unaopokea sauti ya kapsuli. Rezista yake yaweza kufika gigaomu 1, na mita ya kawaida itakuambia hakuna kitu. Usiing'oe ukidhani imekufa! Jasho la kidole au mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemia) hapo yanatosha kuvujisha umeme na kuleta mkwaruzo, kwa hiyo safisha kwa alkoholi ya isopropili na uache ikauke vizuri. Kama kapsuli ni ya elektreti, aina waliyoibuni Sessler na West pale Bell Labs mwaka 1962, chaji imo ndani yake tayari, na huenda hata FET imefichwa humohumo. Ukiona koili ndogo na msururu wa diodi, hiyo ni saketi ya kupandisha volti za kuipa kapsuli isiyo na chaji yake.

Mchoro ukikamilika, washa fantomu upime pini 2 na 3 dhidi ya pini 1. Tuseme zote zinasoma volti 34: volti 14 zimeishia kwenye kiloomu 6.8, yaani kama miliampea 2 kila upande. Zikitofautiana sana, rudi kwenye zile PNP mbili, uzitazame na mchoro wako mkononi.