Mji wa almasi uliomezwa na mchanga

SWALI: Mwezi wa Agosti nitakuwa Windhoek, Namibia, kwa mafunzo ya kikazi, na yakiisha nitakuwa na siku nne za kwangu mwenyewe. Nimeona picha za nyumba za Kijerumani zilizojaa mchanga huko Kolmanskop. Je, siku nne zinatosha kwenda na kurudi, na pwani ya jirani ina nini cha kutazama? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Zinatosha, ilimradi ukubali kwamba mbili kati yake zitaishia barabarani. Kutoka Windhoek hadi Keetmanshoop ni takribani kilomita 500, na kutoka hapo unaelekea magharibi zaidi ya kilomita 300 hadi Lüderitz, mji wa bandari utakamolala. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, lakini ukishapita kijiji cha Aus uwe mwangalifu, kwa kuwa upepo husukuma mchanga hadi katikati ya lami. Usisafiri usiku.

Kolmanskop iko kama kilomita 10 kabla ya Lüderitz. Mwaka 1908 kibarua wa reli aitwaye Zacharias Lewala alikuwa akiondoa mchanga relini alipookota jiwe linalong'aa, akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch alitajirika, Lewala hakupata kitu. Katika miaka michache jangwa likawa na hospitali, ukumbi wa dansi, kiwanda cha barafu na hata mahali pa kuchezea mchezo wa kuangusha vigongo kwa tufe, ilhali vibarua wa Kiovambo, ambao walikuwa wengi kuliko Wajerumani, walilazwa katika makambi. Baadaye almasi kubwa zaidi zilipatikana kusini, karibu na Mto Orange, watu wakahama kidogo kidogo, na kufikia 1956 mji ulikuwa mtupu.

Nenda asubuhi, kwanza kwa sababu ziara za kuongozwa hufanyika saa hizo, na pili kwa sababu mchana upepo huwa mkali kiasi cha kuuma usoni na kuharibu kamera. Kibali cha kuingia ni lazima. Ziara ikimalizika usikimbilie gari. Ingia katika nyumba moja, simama, uangalie: mlango umekwama nusu wazi, mchanga umepanda ukutani hadi kiunoni, na juu yake mapambo ya rangi yaliyochorwa karibu na dari bado yanasomeka. Picha za mtandaoni hazionyeshi kwamba mle ndani kuna ukimya mzito, ingawa nje upepo unavuma.

Mjini Lüderitz utaliona kanisa la mawe lililojengwa juu ya mwamba mwaka 1912, nalo linapendeza. Hata hivyo, mimi ningekushauri uanzie Shark Island, rasi iliyo palepale bandarini, ambayo zamani ilikuwa kisiwa. Kati ya 1905 na 1907, miaka ileile ambayo huku kwetu watu walikuwa wakipambana na Wajerumani katika Vita vya Majimaji, Waherero na Wanama, jamii za wenyeji wa Namibia, walifungwa hapo na Wajerumani, wakafa kwa wingi kwa njaa, baridi na kazi za sulubu. Kiongozi wa Wanama, Cornelius Fredericks, alifia hapo 1907. Leo sehemu hiyo ina eneo la watalii kupiga mahema, jambo ambalo, kwa maoni yangu, halistahili.

Siku ya tatu nenda Diaz Point, mahali ambapo baharia Mreno Bartolomeu Dias alisimamisha msalaba wa mawe mwaka 1488; ukiwa na darubini utaweza kuwaona pengwini wa kisiwa cha Halifax. Beba koti zito, maana mkondo wa bahari wa Benguela huleta baridi na ukungu ambao mtu aliyeizoea Bahari ya Hindi hautarajii kabisa.

Mwisho, usiokote jiwe lolote katika eneo hilo, hata la kumbukumbu. Sehemu kubwa ya pwani hiyo ilifungwa na Wajerumani tangu 1908 kwa ajili ya almasi, mpaka leo huingii humo bila kibali, na kukutwa na almasi ghafi ni kosa la jinai.