Mzigo wa kwanza usimeze mtaji wote

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 27, naishi Pasua, Moshi. Kikoba chetu kinavunjwa Septemba, nitakuwa na shilingi 4,500,000. Nimepata fremu ya duka karibu na stendi, 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Nataka kuweka jipsamu na vigae, kisha hela yote itakayobaki niende nayo Kariakoo kuchukua magauni ya kutokea. Nifungue Januari, mwaka mpya. Nimepanga vizuri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Fremu umepata, hongera. Nilishtuka nilipofika kwenye hiyo "hela yote".

Mzigo wangu wa kwanza nilileta magauni 24 ya mtindo mmoja, rangi ya pichi, lesi kifuani. Wiki ile nikauza mawili, na kina mama walionunua wakakutana kwenye sendoff moja. Jumatatu asubuhi mmoja akanirudishia lake, limekunjwa kwenye mfuko uleule, akaniambia kwa upole, "Mama, Moshi ni ndogo." Yaliyobaki yakadoda, yakaning'inia hadi mabega yakapauka kwa jua la mlangoni. Hela ya kurudi Kariakoo sikuwa nayo, maana yote ilikuwa pale kwenye henga.

Kwa hiyo tuhesabu pamoja. Toa pango 900,000. Vigae achana navyo, mkataba ukiisha hutavibandua uondoke navyo; rangi nyeupe, mabomba ya kutundikia, taa kali na kioo kirefu cha kumwonyesha mtu mpaka miguuni, 500,000 itoshe. Kwa leseni ya Manispaa na kodi ya serikali tenga 300,000. TIN, yaani namba ya mlipakodi, utapewa bure TRA, usimpe mtu hela ya kukutafutia, na makadirio ya kodi unalipa kwa awamu nne kwa mwaka. Safari na usafirishaji 150,000. Mzigo 1,500,000, basi. Unabaki na 1,150,000: 750,000 ya mzigo wa pili, usiiguse hata akija shemeji na shida, na 400,000 ya kukushikilia miezi mitatu ya mwanzo.

Gauni ukilipata kwa 18,000, hiyo 1,500,000 inakupa kama pisi 80. Gawanya nauli humo, kila gauni linaongezeka karibu 1,900. Ukiuza 30,000 unapata kama 10,000. Sasa pango, umeme, mlinzi na taka vikifika 280,000 kwa mwezi, lazima yatoke magauni 28 kabla wewe hujala. Ndiyo maana nakuomba yasiwe magauni ya kutokea tupu. Weka sketi na blauzi za ofisini, gauni za kanisani, na masweta kwa baridi ya Juni na Julai. Gauni la sherehe mtu hununua akialikwa. Blauzi hununua akipokea mshahara.

Wa jumla wengi watataka uchukue pisi sita za mtindo mmoja. Tafuta mwenzako mwenye duka Arusha, mgawane: tatu zipande kwake, tatu zibaki kwako. Walionunua hawatakutana kirahisi.

Januari hapana, mwanangu. Mwezi huo mzazi ana ada na sare mkononi, hatakuona. Fungua Novemba mwanzoni. Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, kuna vipaimara, harusi na Krismasi, na dada wa mjini akija kumsalimia mama yake hapendi kumfikia mikono mitupu. Mzigo wa pili ufuate katikati ya Novemba, ukishaona ni nini kinaulizwa dukani.

Kukopesha sitakukataza, maana najua majirani watakuja. Ila jirani alipe kidogo kidogo, gauni libaki dukani hadi amalize kulilipa.

Na saizi: magauni mengi ya China yana XL inayombana mama wa kawaida wa hapa nyonga. Nenda Kariakoo na futi ya fundi shingoni, upime nyonga ya kila pisi kabla hujatoa hela.