Gari Likizima Ukiachia Mafuta, Usikimbilie Pampu

Juzi usiku dada mmoja aliniandikia kutoka Mpeketoni: "Kaka, gari langu likiwa mbioni halina shida. Nikiachia mafuta nikikaribia tuta, linazima. Fundi anasema ninunue fueli pampu, ile inayosukuma petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini. Ninunue?" Niliusoma ujumbe ule mara mbili, nikasukuma sahani kando. Hiyo pampu mimi nilishainunua, na uchungu wake haujaniisha.

Gari langu ni Toyota 110 ya gia za mkono, injini ya 5A. Mwaka jana nilikwenda Mambrui kumchukua mamangu nimlete kliniki hapa Malindi. Tulipoanza kuteremka kuelekea daraja la Sabaki niliachia mafuta, gari likawa linakwenda lenyewe. Mbele yetu lori lilikuwa likijikokota. Nikakanyaga klachi nipunguze gia, na hapo hapo injini ikanyamaza. Taa nyekundu zikawaka kwenye dashibodi, stelingi ikawa nzito kama naivuta nanga. Breki ya kwanza ilishika. Kwa wasiwasi nikaachia, nikakanyaga tena, ikawa ngumu. Mara ya tatu ni kama nakanyaga jiwe. Mama hakupiga kelele. Alishikilia mlango akasoma dua mpaka tuliposimama, hatua chache tu nyuma ya lile lori.

Nililokosea siku ile ni kuzipiga breki mara nyingi. Busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu wako kukanyaga, inafanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikizima, akiba inayobaki inatosha kukanyaga mara moja, pengine mbili. Kwa hiyo kanyaga kwa nguvu na usiachie mpaka gari lisimame. Na ufunguo usiurudishe hadi mwisho gari likiwa bado linatembea, stelingi itajifunga.

Nikaenda kwa fundi niliyemhesabu kama ndugu. Sikumficha kitu. Hakufungua hata boneti, alisema, "Pampu hiyo." Nikalipa 6,500. Wiki moja baadaye likazima tena, akasema plagi, 2,400. Halafu distributa iliyotumika, ile inayogawa moto kwenye plagi, 9,000. Ukiongeza ufundi 5,500, nilitoa shilingi 23,400, na gari liliendelea kuzima kila nikifika kwenye matuta ya Gede. Nilipomrudia mara ya nne aliniambia niliuze. Pampu yangu ya zamani sikurudishiwa, na leo nina hakika ilikuwa nzima.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Shella aliyetumia maisha yake kwenye injini za boti. Nilimweleza huku nimekata tamaa, naye akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Linazima ukifanya nini?" Nikamwambia, ami, ni pale ninapoachia mafuta tu. Akasema, "Mwanangu, injini inataka mafuta, moto na pumzi. Hiyo imezibwa pumzi."

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye pesa zenu. Ukikanyaga mafuta, unafungua kile kisahani kilicho ndani ya throto bodi, yaani mlango wa hewa wa injini, na hewa inaingia kwa wingi. Ukiachia, kisahani kinajifunga, na injini inabaki kuvuta hewa kupitia kijia chembamba kinachoongozwa na vavu ndogo. Wakati huo huo kompyuta ya injini inakata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini kupitia gia. (Wanaoweka nyutro mteremkoni wakidhani wanaokoa petroli wanapoteza: kwenye nyutro injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime.) Mizunguko ikishuka karibu na elfu moja kwa dakika, au ukikanyaga klachi, mafuta yanarudishwa na ile vavu inatakiwa iipe injini hewa ya kutosha. Kijia kikijaa masizi, hewa haifiki na injini inaanguka. AC ikiwa imewashwa mzigo unazidi, inazima upesi zaidi.

Pampu dhaifu haina tabia hiyo. Pampu dhaifu inakuaibisha ukipanda mlima na abiria wanne, ukitaka kulipita basi, yaani pale injini inapodai mafuta mengi. Mimi injini yangu ilikuwa inalia upande mwingine, nami nikalipia upande huu.

Tuliifungua throto bodi siku hiyo hiyo. Ndani palikuwa peusi kama sufuria ya kuni. Tulitoa waya wa betri, tukapuliza dawa ya kusafishia ya shilingi 600, tukasugua kisahani pande zote mbili kwa mswaki wa zamani, na kile kijia pia, bila kuirowesha sehemu ya umeme ya vavu. Kama gari lako ni la throto ya umeme, yaani kisahani kinasukumwa na mota badala ya waya wa pedali, hicho kisahani usikisukume kwa kidole, utaharibu. Nilipowasha, injini ilitulia kwenye mizunguko 750 kwa dakika, na tangu siku hiyo nimevuka Sabaki sijui mara ngapi.

Sisemi kila gari ni masizi. Ukisikia mlio wa hewa kama nyoka chini ya boneti na mizunguko inapanda na kushuka yenyewe, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Gari la otomatiki likitetemeka na kuzima kila linapokaribia kusimama, kama la gia za mkono lililosimamishwa bila klachi, huenda klachi iliyo ndani ya gia boksi haiachii. Na likizima hata mguu ukiwa kwenye mafuta, huo ni ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo dada yangu wa Mpeketoni, pampu usinunue kwanza. Kesho zima AC, tembea, achia mafuta pale pale linapozimia. Kisha rudia ukiwa umegusa mafuta kidogo tu kwa ncha ya mguu. Lisipozima, mwambie fundi afungue throto bodi nawe ukiwa umesimama hapo unatazama. Akikataa kukufungulia, chukua ufunguo wako uondoke. Na akikubadilishia chochote, cha zamani akuwekee mkononi.