Wali, dagaa, zabibu: mbwa na paka wale nini?

Mbwa wetu hula makombo ya pilau na mchuzi kila siku na hajawahi kuumwa. Kuna ubaya? (Msomaji, Morogoro)

Wali wenyewe hauna neno. Hatari ni kitunguu maji na kitunguu saumu: vinaharibu chembe nyekundu za damu, na kuvipika hakuondoi sumu yake. Madhara hujikusanya polepole, kwa hiyo mbwa anayepewa mchuzi kidogo kila siku anaweza kupungukiwa damu huku mkidhani yu mzima. Mfunueni mdomo mtazame fizi. Zikiwa zimepauka, au mkojo ukiwa wa kahawia, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Paka hudhurika upesi zaidi. Njia rahisi ni kumtengea mbwa chakula chake kabla hamjaunga.

Mahindi yameota ukungu. Nimeyasaga kwa ajili ya mbwa wa ulinzi ili yasipotee bure. (Msomaji, Dodoma)

Nakuomba sana, usimpe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na ini la mbwa halina kinga zaidi ya letu. Ugali ukiiva, sumu hiyo bado imo. Wala usitegemee kuiona kwa macho: ukungu unaweza kupepetwa na kuoshwa, sumu ikabaki ndani ya punje. Mbwa aliyeathirika hususia chakula, hutapika, kisha macho na fizi hugeuka njano. Wengi huletwa kliniki wakati ini limekwisha kuharibika. Unga huo usiwape kuku wala ng'ombe pia. Sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa.

Paka anaweza kuishi kwa ugali na maziwa?

Hapana. Paka ni mla nyama. Anahitaji taurini, kirutubisho cha nyama na samaki ambacho ugali hauna. Akiikosa kwa muda mrefu moyo wake hudhoofika na macho hupofuka. Mpe dagaa waliochemshwa bila chumvi, au nyama. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi yanatosha.

Mifupa ya kuku?

Iliyopikwa, usimpe. Hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo.

Mtoto amempa mbwa chokoleti na zabibu kavu. Nimnyweshe maziwa? (Msomaji, Nairobi)

Maziwa hayazimui sumu hizo. Usimnyweshe maji ya chumvi pia ili atapike, maana chumvi nyingi yenyewe huua. Chokoleti hupeleka moyo mbio na inaweza kuleta degedege, na iliyo nyeusi ndiyo kali zaidi. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Bazoka zisizo na sukari nazo zifiche: zenye zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla. Usisubiri dalili. Mpigie daktari sasa hivi, na uende na karatasi ya hiyo chokoleti ili ajue ni aina gani na mbwa amekula kiasi gani.