Timu ya chuo inakosa vikapu: angalieni kwanza mnatupia wapi

Pole kocha, nimekuelewa. Unasema vijana wako wa mpira wa kikapu wanalinda vizuri na ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) wanazipata, ila mpira hauingii, na robo ya mwisho kila mtu anatupa kwa pupa. Naona shida imeanzia kwenye uchaguzi wa mitupo.

Piga nao hesabu hii. Anayefunga 3 kati ya 10 nje ya mstari wa pointi tatu anakupa pointi 9. Anayefunga 6 kati ya 10 chini ya ringi anakupa 12, na mara nyingi anachezewa rafu, anapata mitupo huru. Mtupo ninaouchukia ni ule wa hatua moja ndani ya mstari: ugumu karibu uleule, pointi mbili tu.

Mechi ijayo, mtu wa benchi achore nusu uwanja kwenye karatasi na kuweka alama kila mtupo: umeingia au la, mtupaji alikuwa huru au amebanwa, zimebaki sekunde ngapi kati ya 24 za kila shambulizi. Wakijionea wenyewe, ubishi unapungua sana.

Mazoezini, mpira uingie ndani, karibu na ringi, kwanza ndipo utoke kwa mtupaji aliye nje. Wenye shabaha wapeleke kona. Kule mstari wa pointi tatu uko mita 6.60 kutoka ringi badala ya 6.75. Mitupo huru waifanye wakiwa wamechoka.

Usimbadilishe mtu namna ya kutupa katikati ya ligi. Na mwenye maumivu ya bega au goti yasiyoisha, msimamishe, aonwe na daktari kabla ya kurudi uwanjani.