Kabla Hujanunua Dilei, Hesabu Mwendo wa Nyimbo Zako

Pedali yangu ya kwanza ya dilei, kile kisanduku cha kukanyaga kinachorudia sauti ya gitaa kama mwangwi, niliichoma mwenyewe, sebuleni, kwa adapta ya Wi-Fi. Nilikuwa nimeinunua mtumba kwa shilingi 4,500 baada ya kuvutana bei kutoka 6,000, na wiki mbili nzima nilikuwa nikiipiga kwa betri. Betri ikaisha Jumamosi usiku, na kesho yake nina zamu ya gitaa kanisani. Maduka ya mtaani yalikuwa na betri za rimoti tu. Nikachungulia nyuma ya ruta, nikaona kichwa cha waya kinalingana kabisa na tundu la pedali. Kikaingia, tena kikakaza vizuri. Taa haikuwaka. Kilichokuja ni harufu.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi mmoja maeneo ya Luthuli Avenue, Nairobi, kwenye kichumba cha juu ambacho vipande vya redio vimejaa hadi dirishani. Akaifungua, akainusa kwanza, ndipo akaiangalia.

"Kaka, hii uliipa stima ya wapi?"

Nilipomwambia, alicheka bila kuinua macho. Akachukua kipande cha boksi akanichorea alama ambayo iko kwenye lebo ya karibu kila adapta na mimi sikuwa nimewahi kuisoma: kidoti katikati, nusu duara imekizunguka, na alama za kujumlisha na kutoa kila moja upande wake. Adapta nyingi za ruta ni volti 12 na chanya iko katikati. Pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9 na hasi ndiyo iwe katikati. Kichwa ni kilekile kwa nje, ndani kila kitu ni kinyume. Diodi ya ulinzi ilikuwa imekufa pamoja na kile kidude kinachoshusha volti hadi 5. Akabadilisha vyote viwili kwa shilingi 600. Kwa hiyo kama hutasoma zaidi ya hapa, soma angalau lebo ya adapta yako.

Lakini kuichoma halikuwa kosa langu kubwa. Kosa kubwa ni kwamba hata ikiwa nzima, haikuwa pedali ya kunifaa mimi, na hilo nililijua Jumapili iliyofuata.

Tulikuwa na wimbo wa kuabudu, wa polepole, mipigo kama 70 kwa dakika. Nilitaka ule mwangwi unaorukaruka ambao wapiga gitaa wengi wa makanisani Nairobi tunauhangaikia, ule ambao unapiga noti moja na dilei inajibu katikati ya mapigo, mpaka unasikika kama magitaa mawili. Mwangwi huo huwekwa kwenye robo tatu ya mpigo. Nikazungusha kitufe cha muda, kile kinachoamua mwangwi uchelewe kiasi gani, hadi mwisho. Mwangwi ukawahi. Nikakizungusha tena kana kwamba kingeongezeka kwa kusukumwa. Ukawahi tena. Mpiga ngoma akanigeukia na jicho ambalo kila mpiga gitaa analijua.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Chukua 60,000, gawanya kwa idadi ya mipigo kwa dakika, unapata urefu wa mpigo mmoja kwa milisekunde. Kwa mipigo 70 ni kama 857. Robo tatu yake ni 643. Pedali yangu ilikuwa imeandikwa kikomo cha 600. Nilikuwa nimekosa milisekunde 43, na hakuna kipaji kinachozifidia. Unaweza kuweka nusu ya mpigo, 429, ikaingia bila shida, lakini hapo mwangwi unaangukia juu ya noti zako mwenyewe na unajificha; ni kama kulipia pedali ili isisikike.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa wimbo wa mipigo 120. Mpigo ni 500, robo tatu ni 375. Pedali ileile ya 600 inatosha na kubaki. Na kama wewe ni mtu wa benga au rumba, hata hiyo ni nyingi. Benga noti zake zinakimbia na gitaa moja linalijibu jingine; ukitia mwangwi mrefu pale, noti zinakanyagana kama abiria wa Rongai saa kumi na mbili jioni. Kinachohitajika ni mwangwi mfupi, milisekunde 100 hadi 150, rudio moja, sauti ya chini, gitaa linapata nyama kidogo. Kazi hiyo karibu kila pedali ya bei rahisi inaiweza.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza "ninunue gani?", simtajii jina. Namwambia aandike nyimbo tano anazopiga kweli, sio anazotamani, aweke simu yenye metronomu karibu, aandike mwendo wa kila moja. Wimbo wa polepole kuliko wote ndio unaoamua. Ukiwa chini ya mipigo 75 na unataka robo tatu, 600 haitoshi, basi. Tafuta yenye 800 kwenda juu.

Hapo ndipo jambo la analogi na dijitali linapoingia, na hapo ndipo watu wengi huuziwa maneno. Dilei ya analogi halisi hutumia chipu zilizobuniwa Philips mwaka 1969, zinaitwa "bucket brigade", jina linalotokana na foleni ya watu wanaopokezana ndoo. Nyumba ikishika moto mtaani umeona: watu wanapanga mstari kutoka kwenye tangi, ndoo inapita mkono kwa mkono. Sauti nayo hupita hivyo, kipande kwa kipande, na kila mkono unamwaga kidogo. Kinachomwagika zaidi ni ule ukali wa juu, kwa hiyo kila rudio linakuwa na giza kuliko lililotangulia. Ni sauti tamu, haigombani na mwimbaji. Lakini foleni ikirefuka, maji yanayofika ni machache, na ndiyo sababu analogi hazina muda mrefu. Boss DM-2, ambayo watu bado wanaitafuta, mwisho wake ni milisekunde 300. MXR Carbon Copy, ambayo si ya bei ya chini hata kidogo, inafika 600.

Pedali nyingi ndogo za bei rahisi zinazoandikwa "analogi" kwenye boksi ndani hazina foleni hiyo. Fundi wangu alinionyesha ya kwangu: chipu yenye miguu 16, imeandikwa PT2399. "Hii ni ya karaoke," akasema, na alikuwa sahihi. Ni chipu ya mwangwi kutoka Taiwan, inageuza sauti kuwa dijitali ndani kwa ndani, kisha pedali inaizungushia vichujio ili isikike na giza. Siidharau. Kwa muda mfupi inapendeza sana. Ila ukipita takriban milisekunde 340 inaanza kukwaruza, na kadiri unavyorefusha, mkwaruzo na mvumo vinazidi. Wapo wanaoupenda uchafu huo. Kwenye maombi ya kimya, ukiwa umechomekwa moja kwa moja kwenye mikseri ya sauti, utausikia hadi viti vya nyuma.

Dijitali safi inarudia kama ulivyopiga, na muda wake ni mrefu. Boss walitoa DD-2 miaka ya themanini, kisha DD-3, zote mwisho wake milisekunde 800, na DD-3 za zamani zinapatikana mtumba zikiwa zimechubuka rangi lakini nzima. Rudi kwenye hesabu: 800 inakupa robo tatu hata kwa wimbo wa mipigo 60. Ukiipata kwa bei unayoiweza, chukua. Ubaya wa zile za zamani ni kwamba haziwezi kufuata mguu wako. Huwezi kugonga mwendo zikakuelewa. TC Electronic Flashback inakuruhusu ukandamize swichi, ukwangue nyuzi kwa mwendo unaotaka, nayo inashika. Kwa kanisa ambalo mpiga ngoma ana miaka 16 na anakimbia kila akifurahi, kitu hicho ni cha thamani kuliko sauti yenyewe.

Kama huna uwezo wa hiyo, kuna njia ya zamani. Nilimwomba dada yangu rangi ya kucha, nikaweka kidoti kimoja pembeni mwa kitufe cha muda kwa kila wimbo: nyekundu, ya waridi, na moja ya kumetameta ambayo nilichekwa nayo. Kujua pa kuviweka, mwombe mpiga ngoma apige mwendo wa wimbo kwa dakika mbili kabla ibada haijaanza. Ziba nyuzi kwa kiganja, kwangua mara moja, sikiliza mwangwi unaangukia wapi, sogeza. Ukiangukia pahali pake utajua, kwa sababu mguu utaanza kutingika wenyewe.

Kuna wanaosema uache pedali moja moja ununue mashine yenye milio yote, mfano Zoom G1 Four. Sina ubishi nao. Kwa anayeanza bila kitu chochote, na anayechomeka kwenye mikseri bila ampi (spika ya gitaa yenye kikuza sauti), ni pesa iliyoenda vizuri. Mimi huchoka na menyu gizani, lakini huo ni uzee wangu.

Ukishachagua, usimalize pesa yote kwenye pedali. Bakisha ya umeme. Pedali nyingi ndogo kabisa hazina hata nafasi ya betri, na dijitali hula betri haraka. Adapta ya volti 9, hasi katikati, na uangalie miliampia: ya adapta iwe sawa na inayotakiwa au izidi, kuzidi hakudhuru, kupungua ndiko tatizo. Volti ndizo hazitakiwi kuzidi. Na ukiunganisha pedali tatu kwenye adapta moja kwa waya wa matawi, dijitali moja ndani ya kundi hilo inaweza kuleta mluzi mwembamba usioisha. Nilibadilisha kebo mbili na kumlaumu mtu wa mitambo kabla sijagundua. Nilimwomba radhi kwa soda.

Dukani, au kwa muuzaji mliyekutana mtandaoni, nenda na gitaa lako. Akikwambia "iko sawa, mimi mwenyewe nilikuwa naitumia", mwambie vizuri kwamba mtaisikiliza pamoja. Mkutane mahali penye ampi na soketi, sio kwenye steji ya matatu. Zungusha kila kitufe taratibu; kikikwaruza kidogo, usafi unatosha, kikikata sauti, teremsha bei. Kanyaga swichi mara ishirini. Tikisa jeki zikiwa zimechomekwa. Kisha weka kitufe cha muda mwisho kabisa, cha marudio (mwangwi ujirudie mara ngapi) katikati, piga noti moja na unyamaze, usikilize inavyokufa. Hapo ndipo pedali inasema ukweli wake. M-Pesa itumwe baada ya hapo.

Na kitufe cha marudio usikiache karibu na mwisho. Kiatu changu kilikigusa siku moja katikati ya maombi, na badala ya kufifia mwangwi ukaanza kujilisha wenyewe, ukapanda ukapanda hadi ukawa honi. Mchungaji alidhani ni gari nje.

Ile ya kwanza niliiuza mwaka uliofuata kwa jamaa anayepiga benga. Nilimweleza kila kitu, pamoja na habari ya ruta. Akaipima kwa mwangwi mfupi, rudio moja, akanipa shilingi 3,500 bila kuvuta bei sana. Nilimwona juzi akipiga harusini, pedali iko miguuni, kitufe cha muda kiko palepale alipokiweka siku ile, na vidoti vya rangi ya kucha bado vipo.